Stempu za mkebe wa babu: "G.E.A." ni nchi gani?

SWALI: Shikamoo mzee. Babu ametuachia mkebe wa biskuti uliojaa stempu. Nyingi nimezitambua, ila tatu zimenishinda. Ya kwanza ina picha ya mfalme wa Uingereza na maneno East Africa and Uganda Protectorates, juu yake zimepigwa herufi G.E.A. Ya pili ni ya Kongo ya Wabelgiji, imeandikwa mistari mirefu ya Kifaransa na lugha nyingine, na bado imeganda kwenye kipande cha bahasha. Ya tatu ni nyekundu, ina meli na thamani ya heller 7½. Nimepekua orodha ya nchi, G.E.A. haimo. Ni za wapi? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza nakuomba usiiloweke majini hiyo ya Kongo. Iache na kipande chake cha bahasha, nitakueleza sababu.

Zote tatu ni za nchi moja, na nchi hiyo ni kwenu. G.E.A. ni kifupi cha German East Africa. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku, Waingereza walioteka sehemu kubwa ya koloni la Mjerumani hawakuwa na stempu za eneo hilo, wakachukua za Kenya na Uganda na kuzipiga chapa hizo herufi kuanzia 1917. Zilitumika hadi 1922, zilipokuja za Tanganyika zenye kichwa cha twiga. Wabelgiji, walioshika Rwanda, Burundi na Kigoma yenyewe, walifanya vivyo hivyo mwaka 1916 kwa stempu za Kongo. Lugha ya pili uliyoiona ni Kiflemi, na maneno yote mawili yanasema "Afrika Mashariki ya Kijerumani, inakaliwa na Ubelgiji". Ndiyo maana orodha ya nchi haikusaidii. Stempu iliyopigwa maandishi ya juu hutafutwa kwa maandishi hayo, si kwa jina lililochapwa chini yake.

Hiyo ya meli ni ya Mjerumani mwenyewe, na meli ni Hohenzollern, ya Kaisari. Hapa soma thamani yake. Zamani rupia moja, fedha ya koloni hilo, iligawanywa katika visarafu 64 vilivyoitwa pesa, na mwaka 1905 ikawa heller 100, kwa hiyo yako haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Sasa ishike kwa kibano, iinue kwenye mwanga. Ukiona ndani ya karatasi vialama vilivyopangana kama uru wa kwenye karata, ni ya matoleo ya baadaye. Karatasi ikiwa tupu, ni ya lile la 1905. Iangalie na ya G.E.A. vilevile, utaona taji na herufi CA. Herufi zikiwa za kuchapa, ni ya toleo lililoanza 1917. Zikiwa za mkunjo kama mwandiko wa mkono, ni ya 1921.

Siku ukikutana na ya heller 7½ isiyo na meli, nipigie simu usiku uleule. Wakati wa vita Wajerumani waliishiwa stempu, wakachapisha zao kwenye mtambo wa misheni ya Vuga, Usambara. Meli iitwayo Marie ikapenya 1916 na shehena kutoka Ujerumani, zikiwemo stempu, zile za Vuga zisihitajike tena. Zilifukiwa Morogoro, zikafukuliwa 1921 zikiwa zimeliwa na unyevu.

Sasa tahadhari. Maandishi ya juu ndiyo yanayoghushiwa zaidi, kwa sababu stempu ya chini ni halali na ya bei rahisi. Chukua lenzi, tazama pale mhuri wa posta unapokutana na herufi. Wino wa mhuri lazima uwe umepita juu ya herufi. Herufi zikiwa zimelalia mhuri, kuna mtu aliziongeza baadaye. Tarehe nayo husema: G.E.A. yenye mhuri wa 1915 ni ya uongo moja kwa moja.

Ndiyo sababu nimekuzuia maji. Kipande cha bahasha hubeba mhuri mzima, na stempu ya Wabelgiji yenye jina la Kigoma na tarehe inayosomeka ina uzito kuliko ile iliyong'olewa. Ipige picha mbele na nyuma, mchana, bila mweko wa kamera, na unipimie upana wa mhuri kwa rula.