Ukiamka Tajiri, Utaamka Kwenda Kazini?

Barua za safari hii zimetoka Mombasa na viunga vyake, na zote zinazunguka jambo moja: pesa nyingi zikiingia kwa mpigo, kazi inaendelea au inaachwa? Baadhi ya waandishi zimeshawaingia, wengine wangali wanaziota. Tunapoandika "tuseme", tarakimu hizo ni za mfano tu. Weka zako mahali pake.

Barazani kwetu kila mtu anasema akishinda jekipoti, siku ya pili haonekani kazini. Mimi nasema hayo ni maneno ya kahawa. Nani mkweli?
*Karani wa uwakala wa forodha, Kibokoni*

Wewe, kwa sehemu kubwa. Mwaka 1955 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwauliza wanaume 401 wenye ajira kama wangeendelea na kazi iwapo wangerithi mali ya kuwatosha. Kama 80 katika kila 100 walijibu ndiyo. Lakini hayo yalikuwa majibu ya mdomo, na mdomo haulipi kodi ya nyumba. Utafiti wa 2004, wa Marekani vilevile, uliwafuata watu 117 walioshinda bahati nasibu kweli, ukakuta zaidi ya 85 katika kila 100 wangali wanafanya kazi. Sweden, mwaka 2009, 62 katika kila 100 walikuwa hawajabadilisha chochote kazini, na walioacha kabisa walikuwa kama 12. Walioacha zaidi ni waliopata donge kubwa huku kazi yenyewe ikiwa haina uzito kwao.

Kenya tuna ushahidi wetu, ingawa si wa matajiri. Katika vijiji vya Siaya na Bomet shirika la GiveDirectly limekuwa likiwapa watu wazima kiasi cha senti 75 za dola kwa siku, na wengine wakapewa fungu la miaka miwili kwa mkupuo. Watafiti hawakuona watu wakijilaza. Walichoona ni watu kuacha vibarua vya mashamba ya wenzao na kufungua biashara zao. Tunadhani na wenzako wa barazani ndivyo walivyo. Mtu akisema "sitaonekana kazini", sikiliza vizuri: mara nyingi anamsema bosi wake.

Mume wangu ni fundi wa malori, mshahara 65,000. Ameuza shamba kwa milioni 12 na anataka kuacha kazi mwezi ujao. Zitatutosha?
*Mama wa watoto wanne, Mikindani*

Hazitoshi, Mama. Tuipige hesabu pole pole, kwa sababu hapa ndipo wengi huteleza.

Kwanza, milioni 12 si milioni 12. Faida ya kuuza ardhi, isipokuwa shamba la kilimo la chini ya ekari 50 lililo nje ya mji, hutozwa kodi ya asilimia 15 tangu Januari 2023. Kabla ya hapo ilikuwa 5, na wako madalali wanaoendelea kuwatajia watu hiyo 5. Tuseme shamba alilinunua kwa milioni 2, na wakili, mpima na dalali wamechukua 500,000. Faida ni milioni 9.5, kodi ni 1,425,000. Mfukoni inabaki kama milioni 10. Kama kodi hiyo haijalipwa, msiguse kitu.

Sasa milioni 10. Mkianza kula 150,000 kwa mwezi, na familia iliyopata pesa hupanda ngazi hiyo upesi kuliko inavyodhani, zitaisha baada ya kama miaka mitano na nusu. Huenda mtoto wenu wa mwisho atakuwa bado shuleni.

Mkiziweka kwenye bondi za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, za miaka 10 au zaidi, tuseme kwa riba ya asilimia 12, mtapata 1,200,000 kwa mwaka. Kodi ya riba kwa bondi za muda huo ni asilimia 10, kwa hiyo zinabaki 1,080,000, sawa na 90,000 kwa mwezi. Hapo mume anaona: tisini ni zaidi ya sitini na tano, barua ya kuacha kazi iandikwe! Subiri. Bei za vitu hupanda. Lengo la serikali ni mfumuko wa asilimia 5, ukipungua au kuzidi kwa 2.5. Ili milioni 10 zenu ziwe na nguvu ileile mwakani, mnatakiwa kurudisha 500,000 ndani ya mtaji kila mwaka. Za kula zinabaki 580,000, yaani kama 48,000 kwa mwezi, chini ya mshahara anaotaka kuuacha. Tena bondi hailipi kila mwezi. Hulipa kila miezi sita, na nyumba isiyozoea hula fungu la miezi sita ndani ya miwili.

Kwa hivyo aendelee, angalau miaka mitatu minne, riba irudi kwenye mtaji. Akichoka na bosi, fundi wa malori ana njia ambayo karani hana: siku tatu kwa wiki za kazi yake mwenyewe huko Miritini au Changamwe zinaweza kuziba pengo lote.

Mambo mawili ya usalama. Benki ikianguka, bima ya amana humlipa mteja hadi 500,000 tu kwa kila benki, hata kama ulikuwa na milioni 10 humo. Bondi hununuliwa moja kwa moja Benki Kuu kupitia mfumo wa DhowCSD, bila dalali, kuanzia 50,000. Anayewaambia mumpe pesa "awanunulie bondi", mwonyesheni mlango.

Mimi nimeshaamua naacha. Niache vipi nisipoteze haki zangu?
*Mhudumu wa hoteli, Shanzu*

Kabla ya barua, chukua likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku 21 za kazi kwa mwaka, na wengi hawazimalizi. Kaa nyumbani siku hizo zote bila safari wala harusi, uone saa nne ya asubuhi ya siku ya kumi inafananaje.

Ukirudi na uamuzi uleule, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28 kwa maandishi, isipokuwa mkataba wako au wa chama cha wafanyakazi unataka zaidi. Hoteli nyingi za pwani zina mkataba wa chama, usome. Ukiondoka bila notisi, wewe ndiye unayemlipa mwajiri mshahara wa siku hizo. Toa nakala mbili za barua na moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Dai mshahara wa siku ulizofanya, malipo ya likizo uliyobakiza na cheti cha utumishi. Hicho cheti usikidharau, kuna siku utakitaka.

Yanayosahaulika ni matatu. La kwanza, mkopo unaokatwa kwenye mshahara haufi mshahara unapokoma. Benki itakugeukia wewe. La pili, Sacco nyingi hutaka notisi ya siku 60 kabla ya kukurudishia akiba, na hazitoi kitu ikiwa uliwadhamini wenzako ambao hawajamaliza kulipa. La tatu ni SHA, bima ya afya ya serikali. Ukiwa kazini hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara bila wewe kujua. Ukitoka unakadiriwa upya kwa kipato cha kaya, si chini ya 300 kwa mwezi, na kwa kawaida hulipwa ya mwaka mzima kwa pamoja. Mtu huacha kazi mwezi wa tatu, akagundua yuko nje ya bima mwezi wa tano akiwa kwenye foleni ya hospitali.

Nimwambie bosi kwamba nimepata pesa?
*Hakujitaja, Nyali*

Usimwambie. Hakuna sheria inayokulazimisha, na hakuna faida unayoweza kuipata. KRA, watoza kodi wa serikali, ndio unaopaswa kuwaambia.

Tangu wasikie nimelipwa fidia ya barabara simu haikai kimya. Nikikataa naambiwa naringa. Nimefikiria hata kuacha kazi nihame.
*Mzee wa Jomvu*

Mzee wetu, usiache kazi kwa sababu hiyo. Kazi ni kinga yako. Mwenye kazi ana saa ambazo hapatikani, na ana sababu ambayo haimuudhi mtu: "niko zamu". Aliye nyumbani mchana kutwa hana pa kujificha, na kila anayepita anaingia.

Katika fidia yako kuna asilimia 15 iliyoongezwa juu ya bei ya soko, kwa ajili ya usumbufu. Wengi huiona kama bahashishi ya kugawa. Kumbe ndiyo ya kukodi lori, kulipa kodi ya kuanzia nyumba nyingine na kuwahamisha watoto shule. Iondoe kwanza. Na kama ulilipwa kwa nyumba tu huku ardhi ikiwa ya mwingine, kama zilivyo nyumba nyingi za Mombasa, kumbuka fungu lako linatakiwa likupe na kiwanja.

Kisha tenga fungu la ndugu mara moja, tuseme asilimia 5, akaunti yake mbali. Likiisha limeisha, na unaweza kusema hivyo bila kusema uongo. Ada lipa shuleni moja kwa moja, dawa lipa hospitalini; ukimpa mtu fedha taslimu za ada hutajua zilipita wapi. Usimkopeshe jamaa pesa usizoweza kumsamehe. Andika kila kitu, hata mia tano. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa kweli hiyo si methali, ni kanuni ya uhasibu. Huko Florida, watafiti waliwalinganisha washindi wa bahati nasibu waliopata dola 50,000 hadi 150,000 na waliopata kidogo. Baada ya miaka mitano waliofilisika walikuwa takriban sawa. Pesa nyingi zilichelewesha tu.

Nimerithi fungu langu, milioni 4. Riba sili. Nikijenga vyumba vya kupangisha Kisauni, nitaweza kufunga kibanda changu cha viatu Kongowea?
*Muuza viatu*

Tuseme umepata vyumba vinane vya 4,500. Kwenye karatasi ni 36,000 kwa mwezi, 432,000 kwa mwaka. Lakini chumba hukaa kitupu kati ya mpangaji na mpangaji, na mwingine huhama usiku. Toa miezi kumi kati ya ile 96 ya vyumba vyote: zinabaki 387,000. Kodi ya mapato ya nyumba za makazi ni asilimia 7.5 ya pesa ulizopokea, bila kutoa gharama, kwa wenye mapato ya 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka, na hulipwa kila tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hiyo ni kama 29,000. Kisha gari la majitaka, taa za ua, rangi, kufuli. Tuseme 60,000. Unabaki na chini ya 25,000 kwa mwezi.

Pwani ina gharama yake ya ziada: chumvi. Upepo wa bahari hula nondo za madirisha na misumari ya paa, na maji ya kisima cha chumvi huua mifereji ya chuma. Weka mabomba ya plastiki tangu mwanzo, na usimruhusu fundi achanganye zege kwa maji ya kisima cha chumvi hata akiapa kwamba "wote hufanya hivyo". Nondo huoza ndani, na utajua siku dari inapomenyuka.

Kuhusu zaka, vyumba vyenyewe havitolewi. Hutolewa asilimia 2.5 ya fedha zilizokaa mwaka wa Hijria zikiwa zimefika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na bidhaa za kibanda huhesabiwa pamoja.

Kibanda usifunge. Muweke mtu wa asubuhi, wewe uende alasiri wateja wanapojaa.

Naendesha tuktuk yangu Likoni. Marehemu mjomba ameniachia pesa za kununua nyingine tatu. Nitakaa nyumbani nipokee hesabu tu?
*Dereva*

Mji huu mwenye gari huitwa tajiri hata kama anakula mkate mkavu, na jina hilo limewaponza wengi. Tuseme hesabu, yaani pesa ambayo dereva humletea mwenye gari, ni 1,000 kwa siku. Usipige siku 30. Kuna Jumapili, gereji, siku za mvua na siku dereva "anaumwa". Piga 22: tuktuk tatu ni 66,000. Toa matengenezo 15,000, bima na stika ya kaunti 9,000. Zinabaki 42,000 na unajiona umefika. Lakini tuktuk ya 480,000 inayochoka kwa miaka minne inakula 10,000 kila mwezi hata ikiwa imesimama, na zote tatu ni 30,000. Usipoziweka, mwaka wa tano una vyuma vitatu na huna pesa. Kipato chako halisi ni 12,000.

Kinachoziangusha zaidi ni oili. Dereva wa hesabu hana sababu ya kuibadilisha, kwani injini ikifa si yake. Kwa hiyo kazi yako mpya ni hii: kila alfajiri kabla hazijatoka, chomoa kijiti cha oili ukipanguse na kukichovya tena, sukuma tairi kwa gumba, vuta kebo ya klachi, andika kilomita. Oili ibadilishwe kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, si kwa tarehe. Asiyejua mlio wa injini nzima hawezi kuisikia inapoanza kuumwa, na wewe unaujua kwa sababu unaendesha. Endelea na hiyo moja, hata nusu siku.

Na usizinunue zote siku moja. Nunua moja, iendeshe mwezi ujue ulaji wake, umpate dereva, ndipo ununue ya pili. Zilizonunuliwa pamoja huisha tairi pamoja na breki pamoja, na mwezi huo hesabu haitatosha.