Mkono wa Mwisho Katika Sinia

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mama yako kwa sauti mpaka kinywa kikanikauka na yeye akaimalizia. Unauliza mniandalie chakula gani siku ya walima wa mjukuu wangu, kitakachoteremka bila kunitesa, na unasema umefikiria kuniwekea meza yangu pembeni, yenye bakuli na kijiko, nisihangaike na pilau. Kuhusu chakula jibu langu ni fupi: bokoboko lililopondwa sana, lililolainishwa kwa samli na supu, lisilo na pilipili hata chembe. Lakini tangu nilipofika kwenye neno “pembeni” nimekuwa nikikujibu jambo jingine kichwani, na afadhali niliandike.

Wewe ndiye uliyenisindikiza Ocean Road, hospitali ya saratani, siku 5 kwa wiki kwa wiki 7, mpaka mionzi yote 35 ikaisha, kwa hiyo sina haja ya kukueleza ile barakoa ya plastiki iliyofinyangwa kwa uso wangu na kufungiwa kwenye kitanda cha mashine. Usichokiona ni kile kilichobaki uliporudi kazini. Mionzi iliyoufuata uvimbe kooni haikuweza kuzikwepa tezi za mate, zile kubwa zilizo mbele ya masikio na zile za chini ya taya, na tezi iliyoungua kiasi hicho mara nyingi haiamki tena. Mtu mzima hutoa karibu lita moja ya mate kwa siku na wala hajui kwamba ndiyo yanayomwezesha kula chakula. Ladha ilinirudia baada ya miezi, nikamshukuru Mungu, mate hayakurudi. Tonge la wali likiingia kinywani hubaki punje punje, halishikamani, na lazima nilisukume kwa funda la maji, tena polepole, kwani nikiharakisha napaliwa. Taya nalo limekaza: zamani vidole vitatu vilivyopangwa wima vilipita kati ya meno yangu, leo vinapita viwili, na hivyo viwili ni kwa mazoezi ninayoyafanya kila asubuhi. Sahani ambayo wewe unaimaliza kwa dakika 10, mimi naimaliza kwa 40. Kwa hiyo, mwanangu, bokoboko litanisaidia koo, lakini kilichonipungukia hasa mbele za watu ni muda.

Unakumbuka ile harusi ya mtoto wa ami yako kule Pangani, ambayo nilirudi mapema nikasema nimechoka na safari? Sikuwa nimechoka. Tuliketi watu sita kwenye sinia moja, mimi nikiwa mkubwa wao wote. Nyumbani kwetu nimewafundisha tangu mkiwa hamjui kunawa wenyewe kwamba mkono wa mkubwa ndio unaofunga sinia: mdogo hainuki, hanawi, wala haondoi mkono wake mpaka mkubwa ameshiba. Vijana wale walikuwa wamefundishwa vizuri kama ninyi. Walishiba, mimi nikiwa bado kwenye tonge la nne, na hakuna aliyeinuka. Wakabaki wanachezesha vidole ukingoni mwa sinia, wanaokota punje moja moja na kuzisogeza, wanajifanya wanakula. Mmoja alikuwa na safari ya kurudi Tanga usiku ule. Nilimwona anatazama mlango, kisha ananitazama mimi kwa heshima. Nikasema “Alhamdulillahi” na njaa yangu tumboni, nikatoa mkono. Mikono mitano ikatoka kwa pamoja. Ni kule kutoka kwa pamoja, mwanangu, ambako mpaka leo nikikumbuka nageuza uso.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikila nyumbani kabla ya shughuli, kisha nafika, naketi, nagusa chakula kidogo kwa adabu. Mama yako anadhani sipendi tena watu.

Isipokuwa mara moja. Kwenye hitima ya shangazi yako waliniketisha na yule mzee baharia, rafiki ya babu yako, ambaye hakuwa amebakiwa na jino. Yeye alitafuna kwa ufizi, mimi nilitafuna kwa maji, na wengine walipokwisha aliwaambia tu, “Nendeni zenu, sisi bado tumo.” Wakaondoka kwa idhini. Tukabaki wawili, tunazungumza habari za majahazi ya mikoko na pepo za kaskazi, na nilikula nikashiba kabisa, kwa mara ya kwanza mbele za watu tangu nilipougua. Yeye ametangulia mwaka jana, Mungu amrehemu.

Sasa nikiitazama meza yako ya pembeni, upande mmoja wa moyo unaniambia ni rehema: nitakula kwa muda wangu, bila vijana kufungwa na mkono wangu. Mimi mwenyewe nimeshikilia maisha yangu yote kwamba mkono wa mkubwa ndio unaofunga sinia. Je, ni haki mkubwa akishindwa kula kwa haraka awafunge watu walioshiba? Upande mwingine unaniambia kwamba wajukuu wataniona kwenye meza ile, na watajifunza kwamba mtu akiugua akapona anahamishwa kutoka jamvini. Kisha najijibu kwamba watoto hawafikirii hivyo, wanatazama keki. Kisha nakumbuka wewe mwenyewe, ukiwa na miaka saba, ulivyouliza kwa nini bibi yako analishwa chumbani, na hakuna kati yetu aliyekujibu.

Labda yule baharia alilijua jambo ambalo mimi sikulijua, kwamba mkubwa anaweza kuwaachilia watu kwa neno moja kabla mkono wake haujatoka. Kule Pangani sikulisema. Niliona aibu kulisema, kwa kuwa kulisema ni kutangaza mbele za watu kwamba ninaumwa.

Nimeandika hapa sentensi ya kukuelekeza pa kuniketisha, nikaikata. Nimeiandika tena, na hiyo nayo nimeikata. Wewe ndiye mwenye shughuli na mimi ni mgeni wako siku hiyo. Ukiweka meza, nitaiketia bila kununa. Ukinitandikia jamvini, mwambie mpishi bakuli la bokoboko liwekwe ndani ya sinia lenyewe, upande wangu, na chupa ya maji nitakuja nayo.

Mama yako anakusalimu, na anauliza kama kanga za wakweze umeshazinunua.

Baba yako