Maswali ya Wasomaji: Kujifunza Kuandika Skripti za Filamu na Televisheni

Katika toleo hili tumekusanya barua za wasomaji wanaotaka kuandika kwa ajili ya filamu na televisheni. Barua zimefupishwa, lakini maswali yamebaki kama yalivyoulizwa.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nimekuwa nikiandika hadithi fupi kwa muda mrefu, na baadhi yake zimechapishwa. Hivi karibuni niliandika skripti ya filamu nikampelekea mtayarishaji mmoja. Alinirudishia akisema kwamba hadithi ni nzuri, ila nilichoandika si skripti. Alikuwa na maana gani? *Mwandishi wa hadithi fupi*

JIBU: Marahaba. Kwanza, usilipuuze neno lake la kwamba hadithi ni nzuri, kwa sababu skripti isiyo na hadithi haiponi hata ikipangwa kwa ustadi gani kwenye ukurasa, ilhali hadithi nzuri iliyoandikwa isivyo inaweza kuandikwa upya.

Tofauti aliyoiona, nadhani, ni hii. Msimulizi wa hadithi fupi ana ruhusa ya kumwingiza msomaji ndani ya moyo wa mhusika na kumwambia kinachoendelea humo. Mtazamaji wa filamu hana njia hiyo. Anachopata ni kile kinachoonekana na kile kinachosikika, na ndani ya hivyo viwili ndimo anamolazimika kukisia mengine yote. Ukiandika kwamba mwanamke ameketi akiikumbuka miaka aliyoipoteza na kujuta, mwongozaji hana la kupiga picha isipokuwa mwanamke aliyeketi.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Katika hadithi fupi ungeweza kuandika: “Alimkaribisha kaka yake kwa adabu, lakini alikuwa hajamsamehe kwa kutokuja kumzika mama yao.” Ni sentensi inayojitosheleza. Anayeanza kuandika skripti huichukua sentensi hiyo na kuitia kinywani mwa mhusika: “Kaka, bado nina hasira na wewe kwa sababu hukuja kumzika mama.” Hapo ndipo onyesho linapokufa, maana kaka anajua kwamba hakuja na dada anajua kwamba kaka anajua, kwa hiyo maneno yale hayasemwi kwa kaka bali kwa mtazamaji, na mtazamaji hulitambua hilo mara moja. Sasa soma hivi:

NDANI. SEBULENI – JIONI

Kaka anavuta kiti kilicho karibu na dirisha. Dada anatoka jikoni na sinia. Anamwona, anasimama.

DADA
Hicho hapana.

KAKA
Kimevunjika?

Dada anaweka sinia mezani. Anabeba kiti kingine kutoka upande wa pili wa chumba na kukiweka mbele ya kaka yake.

DADA
Keti. Chakula kinapoa.

Kaka anaketi. Anakitazama kile kiti cha dirishani. Kwenye egemeo lake kuna mtandio wa kike, umekunjwa vizuri.

Hakuna aliyemtaja mama, wala mazishi, wala hasira. Kuna kiti kisichokaliwa, mtandio ambao hakuna aliyethubutu kuuondoa, na mwenyeji anayetimiza wajibu wake wote bila kutoa hata neno moja la ukunjufu. Mtazamaji ataunganisha mwenyewe, na kile alichokiunganisha mwenyewe hukiamini kuliko alichoambiwa. Angalia pia kwamba sikumwonyesha kaka akibisha hodi, akisalimiwa na kuulizwa habari za safari. Waandishi wengi wanaoanza hufungua kila onyesho kwa salamu na kulifunga kwa kuagana, wakapoteza nusu ya filamu mlangoni. Ingia katika onyesho wakati jambo limekwisha kuanza, na utoke kabla halijapoa.

Kwa kuwa tayari una hadithi zilizochapishwa, chukua mojawapo na ukate kwa kalamu kila sentensi isiyoweza kuonekana wala kusikika. Utaumia, kwa sababu pengine hizo ndizo sentensi unazozipenda zaidi. Kisha rudi kwenye kila sentensi uliyoikata ujiulize: mtu huyu, akiwa katika hali hii, mikono yake ingefanya nini? Anaficha nini, anakataa kushika nini, anamjibu nani swali ambalo hakuulizwa? Majibu ya maswali hayo ndiyo skripti yako.

SWALI: Je, ni lazima skripti iandikwe kwa mpangilio maalumu, na ni lazima ninunue programu ya kompyuta? *Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza*

JIBU: Mpangilio ni lazima, programu ya kununua si lazima. Mtindo uliozoeleka katika nchi nyingi ni herufi za Courier za ukubwa wa 12. Kila herufi ya mwandiko huo huchukua nafasi iliyo sawa na mwenzake, hivyo kurasa hulingana ujazo, na kwa makadirio ukurasa mmoja huwa dakika moja ya filamu. Ndiyo maana skripti ya filamu ndefu hutarajiwa kuwa na kurasa kati ya 90 na 120. Wapanga ratiba ya upigaji picha huugawa ukurasa katika sehemu nane na kuhesabu ni sehemu ngapi zinaweza kupigwa kwa siku, kwa hiyo ukibana mistari ili skripti ionekane fupi, unawapotosha watu watakaopanga fedha na muda kwa kuitegemea.

Kila onyesho lina kichwa chake chenye mambo matatu: kama ni ndani au nje, ni mahali gani, na ni wakati gani wa siku. Maelezo ya vitendo huandikwa kwa wakati uliopo na kwa aya fupi. Jina la anayesema huwekwa kwa herufi kubwa juu ya maneno yake, karibu na katikati ya ukurasa. Usijaze maelekezo ya kamera, kwani hiyo ni kazi ya mwongozaji, na usiyape maonyesho namba. Namba huwekwa pale skripti inapoingia kwenye utayarishaji. Final Draft ni programu ya kulipia inayotumiwa sana na wataalamu, lakini ipo pia Fountain, ambayo ni utaratibu wa bure wa kuandika skripti kwa matini ya kawaida, hata kwenye simu, kisha programu nyingine huigeuza kuwa mpangilio kamili.

SWALI: Nina wazo la tamthilia ya televisheni yenye sehemu nyingi. Je, niandike sehemu zote kabla ya kuipeleka kwa mtayarishaji? *Mama wa nyumbani, mpenzi wa tamthilia*

JIBU: Hapana, dada. Andika sehemu ya kwanza kwa ukamilifu, kwa uangalifu wako wote, kisha uambatanishe waraka wa kurasa chache unaoeleza wahusika ni akina nani, wanaishi katika mazingira gani, msimu wa kwanza unaelekea wapi na nini kitabaki cha kusimuliwa baada yake. Ukiandika sehemu 20 peke yako, mabadiliko madogo yatakayoombwa katika sehemu ya kwanza yatazibomoa 19 zilizobaki.

Swali zito zaidi ni kama wazo lako lina chemchemi isiyokauka. Filamu huuliza swali moja kubwa na kulijibu, mtazamaji akaondoka. Tamthilia haiwezi kujibu swali lake kuu mapema, hivyo inahitaji kitu kinachozaa mgogoro mpya kila mara bila kulazimishwa. Hospitali, mahakama na kituo cha polisi vimetumiwa na waandishi wa nchi nyingi kwa sababu iliyo wazi: kila siku mtu mpya huingia mlangoni na tatizo lake. Familia nayo hudumu kwa sababu ya kinyume, kwamba wanaogombana hawawezi kuachana. Jaribu kuandika aya moja moja kwa ajili ya sehemu kumi za kwanza. Ukikwama kwenye ya nne, inawezekana ulichonacho ni filamu, na hakuna aibu yoyote kuiandika kama filamu.

Zingatia pia kwamba televisheni ni kazi ya kundi. Nchini Marekani waandishi hukaa pamoja katika chumba kimoja na kuupanga msimu mzima kabla ya kugawana sehemu, na mwandishi mkuu mara nyingi ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu tamthilia nzima. Waandishi wa huko walipogoma mwaka 2023, kwa siku 148, miongoni mwa madai yao ilikuwa kwamba waandishi katika chumba hicho wasipungue idadi fulani, sambamba na mipaka ya matumizi ya akili bandia. Mimi naona walikuwa na haki, kwa sababu mtu mmoja aliyechoka hawezi kubeba wahusika kumi na wawili kwa miaka. Kwa hiyo jizoeze mapema kusikia maandishi yako yakijadiliwa na wengine.

SWALI: Sina uwezo wa kwenda chuo cha filamu. Naweza kujifunza mwenyewe nikafika popote? *Fundi umeme*

JIBU: Unaweza, ndugu yangu, lakini si kwa kutazama filamu peke yake, kwani mtazamaji mzuri si lazima awe mwandishi. Chagua filamu unayoijua vizuri ambayo skripti yake inapatikana. Kabla ya kuisoma, tazama onyesho moja la dakika mbili au tatu, ulisimamishe mara kwa mara, na uliandike lote kama skripti: nani yuko wapi, anafanya nini, anasema nini. Kisha fungua skripti yenyewe ulinganishe. Utashangaa jinsi mwandishi alivyotumia maneno machache pale ulipotumia mengi, na utaona mambo aliyoyaandika ambayo baadaye yalikatwa kwa sababu uso wa mwigizaji ulitosha. Chunga tu jambo moja: baadhi ya maandiko yanayosambazwa kwenye intaneti kama skripti yameandikwa na mashabiki waliosikiliza filamu iliyokwisha kutoka. Hayo yatakufundisha mazungumzo tu.

Ama kuhusu vitabu, utakutana mapema na mgawanyo wa hadithi katika sehemu tatu, mwanzo, makabiliano na hitimisho, ambao Mmarekani Syd Field aliufanya kuwa maarufu miongoni mwa wanafunzi wa skripti kuanzia mwaka 1979. Ni chombo kizuri cha kukagulia kazi. Ushauri wangu ni kwamba ukitumie baada ya rasimu ya kwanza kukamilika, kwa maana nimesoma skripti nyingi ambazo tukio kubwa linatokea katika ukurasa uleule ulioelekezwa na kitabu ilhali hakuna mhusika hata mmoja aliyelisababisha.

Rasimu ikikamilika, waombe watu wachache waisome kwa sauti, kila mmoja na mhusika wake. Wewe kaa kando na kalamu, usieleze wala usitetee chochote. Msomaji akijikwaa kwenye sentensi ileile mara mbili, kosa ni la sentensi. Wakianza kuangalia simu zao, andika namba ya ukurasa.

SWALI: Naogopa kuonyesha skripti yangu kwa sababu wazo linaweza kuibwa. Nifanye nini? *Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Hofu yako inaeleweka, lakini hakimiliki hailindi wazo, hulinda namna wazo lilivyoandikwa. Kwa hiyo wazo unalolisimulia mdomoni halina kinga, na skripti iliyokamilika inayo. Chini ya Mkataba wa Berne, ulioanzishwa mwaka 1886 na ambao nchi nyingi duniani ni wanachama wake, haki hiyo huanza pale kazi inapotungwa, bila sharti la usajili. Hata hivyo, usajili katika ofisi ya hakimiliki ya nchi yako hukupa ushahidi, nao si wa kudharauliwa. Hifadhi rasimu zako zote zikiwa na tarehe, tuma skripti kwa barua pepe badala ya kuikabidhi mkononi, na weka kumbukumbu ya uliowatumia.

Mtayarishaji akiipenda, usianze kuandika upya kwa ahadi ya mdomo. Omba mkataba unaosema kama anainunua skripti moja kwa moja au anapewa haki ya kuishikilia kwa muda maalumu huku akitafuta fedha, muda huo ukiisha haki zinarudi kwa nani, utalipwa lini na kwa rasimu ngapi, na jina lako litaandikwaje kwenye filamu. Mpelekee mwanasheria ausome kabla hujatia saini.