Uwatu, maziwa ya mama na hayo maneno ya homoni

Ukijifungua Moshi, mtori utaletewa kabla hujauomba, na siku hizi nyuma ya mtori kuna mtu na kifuko cha uwatu. Wangu aliniletea wifi kutoka soko la Mbuyuni. Loweka usiku, asubuhi chemsha, kunywa na maji yake. "Zile mbegu zina homoni, utaona maziwa yatakavyoshuka."

Nikanywa, na maziwa yakashuka. Ila sikubali kwamba ni homoni za kwenye mbegu.

Uwatu una kemikali iitwayo diosjenini, na ni kweli homoni ya projesteroni huweza kutengenezwa kutokana nayo. Miaka ya 1940 mkemia Mmarekani, Russell Marker, aliifanya kazi hiyo kwa viazi vikuu vya mwituni vya Mexico. Lakini aliifanya maabara, kwa kemikali. Mwili wetu hauwezi kuigeuza hivyo. Na hata ungeweza, ungejiharibia: projesteroni ndiyo inayozuia maziwa yasijae ukiwa mjamzito. Kondo la nyuma likishatoka inashuka, ndipo maziwa yanapofunguka. Sasa hao wanaouza "unga wa kubalansi homoni" kwenye magrupu ya WhatsApp, waulizeni hapo.

Kinacholeta maziwa ni mtoto mwenyewe. Akinyonya, tezi iliyo chini ya ubongo inatoa prolaktini ya kutengeneza maziwa, na oksitosini ya kuyasukuma yatoke. Usiku prolaktini hupanda zaidi, kwa hiyo mama, usiruke kunyonyesha usiku hata kama usingizi unakuua. Hakikisha ameshika sehemu kubwa ya weusi wa titi, si chuchu tu. Ukiwa mbali naye, kamua.

Uwatu kunywa ukipenda, mimi harufu yake ndiyo ilinishinda. Jasho langu lilinukia sukari iliyoungua, khanga zote zikawa hivyo hivyo! Wengine hujaa gesi au kuharisha. Mwenye dawa za kisukari amwone daktari kwanza, maana uwatu nao hushusha sukari. Vivyo hivyo anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mwenye mzio wa karanga au dengu. Mjamzito auache.

Na kama wasiwasi wako ni kwamba mtoto hashibi, angalia nepi. Kuanzia siku ya tano hivi, anayeshiba hulowanisha sita au zaidi kwa siku. Zikipungua, mpeleke kliniki akapimwe uzito.