Maswali na majibu: Kulea waandishi wa habari wa shule ya msingi

Hatuna kompyuta, kamera wala intaneti. Klabu ya habari tutaianzishaje? (Mwalimu, Kilosa)

Mwalimu mwenzangu, tafuta karatasi za manila, maka peni, gundi na ukuta unaopitiwa na wengi. Gazeti la ukutani likiwa karibu na bomba la maji husomwa kuliko likiwa mlangoni kwa ofisi ya walimu. Libadilisheni kila Ijumaa, hata kama habari ni tatu tu.

Mwaka 1924 mwalimu wa kijijini Ufaransa, Célestin Freinet, aliingiza mashine ndogo ya kuchapia darasani kwake Bar-sur-Loup. Watoto wakapanga herufi kwa mikono yao, wakachapa habari walizoandika wenyewe, kisha wakabadilishana kazi na shule nyingine ya mbali. Mashine hiyo si ya lazima, lakini hilo la kubadilishana liige. Mtoto akijua atasomwa na mtu asiyemfahamu, hataandika tena "kule kwenye mwembe" na kuishia hapo. Ataeleza ni mwembe upi.

Waanze darasa la ngapi?

La nne. Wa la tatu wachore na kuandika maelezo ya picha. Wa la saba wana mtihani wao, waacheni.

Mwalimu mkuu anataka tuandike mafanikio ya shule tu. Watoto wanataka kuandika kuhusu vyoo. Nifanyeje? (Mwalimu mlezi, Lindi)

Usigombane naye, na usiwatume watoto wakagombane naye kwa niaba yako. Wafundishe kazi. Wahesabu matundu ya vyoo, ya wasichana peke yake na ya wavulana peke yake. Wachukue idadi ya wanafunzi kwenye daftari la mahudhurio, wagawanye. Mwongozo wa Tanzania unataka tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, kwa hiyo wana cha kulinganisha nacho. Hapo ndipo wabishe hodi kwa mwalimu mkuu, wamwulize shule ina mpango gani, na jibu lake waliandike kama alivyolitamka.

Mara nyingi mkuu naye ana lake la kusema: aliandika barua halmashauri, anasubiri fedha. Basi habari imekua, na yeye hayumo kama mshtakiwa. Akikataa isibandikwe, msibandike kwa kificho. Mwombe aisome pamoja na mwenyekiti wa kamati ya shule. Mimi mkuu mkali hanitishi sana. Anayenitisha ni mlezi anayechukua "vyoo vinanuka" ya mtoto na kuandika "mazingira ya shule yanaridhisha".

Nisahihishe Kiswahili chao?

Tahajia, ndiyo, mtoto akiwa ameketi pembeni yako. Sentensi isiyoeleweka mwulize, "Ulitaka kusema nini?" Akishajibu kwa mdomo, mwambie aandike hivyo hivyo.

Shikamoo. Mkuu wa wilaya anakuja kwenye mahafali yetu. Nimuulize nini? (Mwanafunzi wa darasa la sita)

Marahaba, mwanangu. Muulize jambo linalokugusa wewe. Damon Weaver, mtangazaji wa runinga ya shule yake ya msingi huko Florida, Marekani, alikuwa na miaka 11 alipomhoji Rais Barack Obama Agosti 2009. Kati ya mambo aliyoyauliza ni chakula cha shuleni, tena akapendekeza na maembe. Andika maswali matatu, yafanyie mazoezi kwa sauti. Akikujibu "tunalishughulikia", usishukuru upesi. Muulize, "Litakamilika lini?" Kwa heshima, lakini muulize.

Picha ya mwanangu akiwa na sare, pamoja na majina yake matatu, imewekwa kwenye kundi la WhatsApp la klabu. Ni sawa? (Mzazi, Tanga)

Kama hukuridhia, si sawa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Kwenye kazi ya mtoto, jina la kwanza na darasa vinatosha. Na mtoto aliyeugua, aliyepewa adhabu au mwenye matatizo nyumbani asitajwe hata kwa jina hilo moja, kwa sababu darasa zima litamjua. Mpigie mlezi aiondoe leo, halafu mwombe fomu ya ridhaa. Kama hana, karatasi moja yenye sahihi yako inatosha: jina, ndiyo au hapana, picha, ndiyo au hapana.