Jumla ya saa mbili haikuniambia kitu: nilivyoisoma triatloni yangu ya kwanza

Nauza bitenge soko la Kadutu, hapa Bukavu. Kila jioni nahesabu pesa za siku, na yeyote aliyewahi kuuza anajua kwamba jumla ya jioni haikuonyeshi hasara ilikojificha. Unaweza kufunga duka na pesa nyingi mkononi, kumbe kuna kitambaa kimoja ulichokitoa chini ya bei uliyonunulia. Hesabu hiyo naifanya miaka yote, lakini ilinichukua wiki nne kuona kwamba triatloni, mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia mfululizo, nayo inahesabiwa vivyo hivyo.

Tulikuwa watu 14. Wazo lilitukaa tangu 2022, Rubavu ya Rwanda ilipoanza kupokea triatloni ndefu ya Ironman 70.3 kule kaskazini mwa ziwa hili hili letu la Kivu: kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli, 21.1 za kukimbia. Sisi tulichukua umbali mfupi unaoitwa sprinti. Mita 750 majini, kilomita 20 juu ya kinga, kama tunavyoiita baiskeli huku, kisha kilomita 5 kwa miguu. Ilikuwa Jumapili alfajiri, kabla wamotari hawajajaa barabarani. Bidoni nne za njano, yaani madumu matupu, zilielea mbele ya rasi ya La Botte, mvuvi mmoja akatusindikiza na mtumbwi wake, na mdogo wangu akaketi ufukweni na kaye, daftari la shule, akiandika saa ya kila mtu kila alipopita.

Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 4. Kilomita ya kwanza ya kukimbia nilitembea karibu nusu yake, mapaja mazito kama nimefungiwa mawe, mbele ya watu waliokuwa wakienda misa. Kwa hiyo kila aliyeniona alikuja na hukumu moja: "Yaya, shida yako iko kwa mbio."

Nikaamini. Wiki tatu nzima nikakimbia kila asubuhi bila siku ya kupumzika, hadi muundi wa mguu wa kushoto ukaanza kuuma nikishuka ngazi. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kosa hili linaumiza wengi. Baada ya mashindano ya kwanza mwili unahitaji wiki moja ya mwendo mwepesi, kutembea, kuogelea polepole, kulala. Na maumivu yakikaa sehemu moja ya mfupa, sehemu unayoweza kuigusa kwa kidole, acha kukimbia na umwone daktari. Mfupa unaweza kuwa umeanza kupasuka. Wangu haukufika huko, lakini nililazimika kukaa, na nilipokaa ndipo mdogo wangu akaniletea ile kaye.

Kurasa zake zilikuwa zimelowa pembeni, wino wa biki umetanda, lakini namba zilisomeka. Kuogelea dakika 22 na sekunde 40. Kutoka majini hadi kupanda baiskeli, 6:05. Baiskeli 52:30. Kushuka na kuanza kukimbia, 3:25. Kukimbia 39:20. Na kwa sababu mdogo wangu ni mtu wa kujali, alikuwa ameandika hata mizunguko na kilomita, moja moja.

Angalia kilomita zangu tano za mbio: 9:20, 8:30, 7:40, 7:10, 6:40. Nilizitazama mara ya kwanza nikaona tu ni ndefu. Mara ya pili nikaona kwamba kila moja ni fupi kuliko iliyotangulia. Mtu aliyekosa pumzi ya kukimbia huanza vizuri na kuharibika mwishoni. Mimi nilianza nimeharibika na nikawa napona nikiwa njiani! Peke yangu, siku ya kawaida, kilomita 5 nazikimbia kwa dakika 30. Basi miguu ilikufa kabla ya mbio kuanza.

Nikageuza ukurasa. Mizunguko minne ya baiskeli, kilomita tano kila mmoja: 11:20, 12:50, 13:50, 14:30. Jibu lilikuwa hapo. Kwenye mzunguko wa kwanza nilipanda kilima cha Nyawera nimesimama juu ya pedeli, gia nzito, kwa furaha ya kumpita kijana mmoja. Dakika ile ya furaha niliilipia saa nzima iliyofuata. Na katika baiskeli yote sikula kitu. Ndizi yangu ya kwanza niliila nilipovaa viatu vya kukimbia, ndiyo maana nguvu zilirudi kuanzia kilomita ya tatu.

Ushauri ninaoutilia uzito kuliko mwingine wote ni huo: ukiona sehemu imeenda vibaya, tafuta sababu yake kwanza katika sehemu iliyoitangulia. Mbio mbaya ichunguze kwenye baiskeli. Baiskeli mbaya iulize ulitokaje majini. Halafu linganisha kila sehemu na unachofanya ukiwa peke yako, siku ya kawaida, kwenye njia hizi hizi. Usilinganishe na aliyekushinda, wala na saa za watu unaowaona kwenye intaneti. Ziwa letu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari na Bukavu haina kilomita mbili za barabara tambarare zinazofuatana. Saa ya mtu wa pwani haikuhusu.

Kuogelea kulinifundisha jambo lingine. Binamu yangu alikuwa ameniazima saa ya mkononi inayopima umbali, nayo ilionyesha mita 890 badala ya 750. Nikagawanya: 2:33 kwa kila mita 100, mwendo wangu ule ule wa kila Jumamosi. Sikuwa mzito majini. Nilikuwa napinda. Mita 140 za ziada zilikula dakika tatu na nusu, na dawa yake haikuwa kuogelea kwa nguvu zaidi. Nilijifunza kuinua macho kidogo kila baada ya mikono minane, nitazame bidoni, na nyuma ya bidoni nichague kitu kirefu kisichosogea, mti au paa la bati, kwa sababu bidoni yenyewe hupotea nyuma ya mawimbi madogo.

Kama huna saa ya namna hiyo, kuna kipimo kinachotosha. Ogelea mita 400 kwa nguvu, pumzika vizuri, ogelea 200 kwa nguvu. Toa muda wa 200 kwenye muda wa 400, gawanya kwa mbili. Hapo una mwendo wako wa mita 100 unaoweza kuushikilia. Rudia baada ya wiki sita.

Zile dakika sita za kubadilisha niliziona aibu, kisha nikaziona bahati, kwa kuwa ndizo rahisi kuliko zote kurudishwa. Nilikuwa nimekaa chini kufuta mchanga vidoleni, nimevaa soksi zilizokataa kupanda kwenye ngozi yenye maji, nimetafuta helmeti chini ya nguo za mwenzangu. Sasa kila Alhamisi jioni, ndani ya parseli yetu, uani kwetu, natandika kitenge chini, naweka ndoo ya maji, najimwagia, nakimbilia baiskeli. Helmeti inakaa juu ya usukani, mikanda wazi. Kwanza inafungwa kidevuni, ndipo mkono unagusa baiskeli, maana hiyo ni sheria ya mchezo huu kila mahali. Viatu vimefunguliwa vizuri, soksi zimekunjwa nusu. Watoto wa majirani wanahesabu sekunde kwa sauti.

Kuhusu miguu mizito, Jumamosi moja moja naunganisha: dakika 40 za baiskeli, kisha bila kukaa, dakika 10 hadi 15 za kukimbia. Siyo mbali. Miguu inajifunza kubadilisha kazi, na ile hali ya mapaja ya mawe inapita mapema. Kwenye vilima natumia mdomo wangu kama kipimo: nikishindwa kusema sentensi fupi, napunguza gia. Na naanza kula kwenye baiskeli, nusu ya ndizi mzunguko wa pili, nusu nyingine mzunguko wa tatu, pamoja na maji yenye sukari na chumvi kidogo.

Ombi moja kwa anayejiandaa: siku ile ile jioni, kabla hujasikia maneno ya watu, andika ulichohisi. Wapi uliogopa, wapi ulipata raha, ulikula nini na saa ngapi. Namba zitakaa kwenye karatasi, lakini hayo mengine yanafutika ndani ya siku mbili, nayo ndiyo yanayoeleza namba.

Tulirudia mwishoni mwa kiangazi, njia ile ile. Majini 21:00, saa ikaonyesha mita 820. Kubadilisha 2:50. Mizunguko ya baiskeli 12:30, 12:25, 12:40, 12:25. Kubadilisha tena 1:30. Kukimbia 33:10, bila kutembea hata hatua moja. Jumla saa 1, dakika 48 na sekunde 30, wakati mwendo wangu majini haukuongezeka hata kidogo.

Mita 70 za kupinda bado zipo, na ndizo kazi ya mwezi huu. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunashuka tena La Botte, mdogo wangu na kaye mpya aliyoifunga ndani ya mfuko wa plastiki.