Kapu la Safari: Maswali ya Wanaofunga Mizigo

Likizo inabisha hodi, na maswali yaliyonifikia karibu yote ni ya namna moja: mtu asafirije bila kuacha nyuma yake mkia wa chupa, vikombe na mifuko? Nimechagua sita. Walioniuliza habari za nauli wanisamehe, hizo siziwezi.

Naenda chuo Nairobi kwa treni. Mtandaoni nimeona seti ya safari: vijiko vya mianzi, mrija wa chuma, kikombe cha kukunja, mifuko mitatu ya pamba. Jumla yafika elfu sita. Ni lazima ninunue vyote? – Mwanafunzi, Changamwe

Si lazima hata kimoja, mwanangu. Funga pochi. Mfuko mpya nao umelimiwa shamba, umemwagiliwa maji, umesafirishwa. Idara ya mazingira ya serikali ya Denmark ilipiga hesabu hiyo mwaka 2018 ikakuta kwamba mfuko wa pamba sharti utumike mara 52 ndipo madhara yake kwa tabianchi yalingane na ya mfuko wa plastiki wa dukani. Ukitaka ulingane nao kwa kila aina ya madhara waliyoyapima, ni mara 7,100. Wewe unataka kuanza na mitatu.

Ingia jikoni kwa mama. Chukua kijiko kimoja, kikombe kimoja cha bati, mkebe wenye mfuniko unaokaza na chupa ya maji ambayo tayari mnayo. Omba ruhusa kwanza, maana mkebe wa mama ukipotelea Syokimau utausikia mpaka siku ya mahafali. Kisu kiache nyumbani: pale stesheni ya Miritini mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, kisha hupita kwenye mashine, na vyenye makali havipiti.

Halafu leso, yaani kanga. Sijaona kifaa cha safari kilichoishinda. Ni shuka baridi ikikuingia garini, ni taulo, ni furushi la nguo chafu, ni pazia la kubadilishia nguo, na ukitandika ni mahali pa kusali. Doti moja ina vipande viwili. Kimoja kikilowa, cha pili ki kikavu. Wazungu huuza kitambaa kama hicho kwa bei ya kiatu na kukiita cha wasafiri.

Mke wangu asema nimekuwa kiwanda cha plastiki, kwa kuwa kila gari likisimama nanunua chupa ya maji. Lakini maji ya mfereji nayaogopa. Nani ana haki? – Baba wa watatu, Tudor

Nyote wawili, ami. Sitamwambia mtu augue kipindupindu kwa sababu ya kukwepa chupa. Lakini dawa ya hofu yako ni sufuria. Maji yakichemka vyema kwa dakika moja yanatosha, na ukiwa juu ya mita 2,000, kama kule Limuru, yaache dakika tatu. Chemsha usiku, yapoe yakiwa yamefunikwa, jaza asubuhi. Huko ugenini omba nyumba ya wageni ikuchemshie. Sijawahi kukataliwa, ingawa nimewahi kuangaliwa sana.

Kuna jambo moja sufuria hailiwezi. Sisi wa kisiwani tunalijua: maji ya kisima yakiwa na chumvi, kuyachemsha hakuiondoi, yatazidi kukolea. Penye maji ya namna hiyo tafuta duka la kujaza mitungi, nenda na chupa zako. Ukikosa kabisa, nunua mtungi mmoja mkubwa wa familia nzima, msigawane chupa kumi ndogo. Na chupa ya kubeba iwe ya mdomo mpana mkono wako uingie na brashi. Hizi za dukani zina shingo nyembamba, baada ya siku chache zinaota utelezi ndani, na hapo mkeo atakuwa na neno jingine la kusema.

Tunakwenda Lamu kwa basi, mimi na watoto wanne. Nataka kubeba chakula badala ya kununua vipakiti njiani. Nibebe nini, na ndani ya nini? – Mama, Kisauni

Swali hili ndilo nililokuwa nikilingoja, dada yangu, kwa sababu nilishawahi kuharibu.

Mwaka mmoja nilipika mbaazi za nazi alfajiri, nikazitia zikiwa za moto ndani ya mkebe wa aiskrimu, ule ule ambao kila nyumba ya Mombasa unafungua ukitaraji aiskrimu unakuta samaki. Kabla ya Kilifi mfuniko ukafyatuka. Zilizobaki tulizifungua Malindi, zimechacha, zinatoa povu. Makosa yalikuwa mawili. Mikebe ile ni ya vitu baridi. Ukiitilia cha moto hulegea. Na tui la nazi halina subira na joto letu. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na jua likipita nyuzi 32, hesabu saa moja tu. Wali na pilau navyo ni hivyo hivyo, ingawa haviendi kwa kelele kama mbaazi.

Kwa safari ndefu kama yako, kupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe mpande mashua, beba vikavu. Mahamri, chapati, viazi karai bila ukwaju, muhogo wa kukaanga, mayai ya kuchemsha ya kuliwa mapema, ndizi mbivu na machungwa. Ndizi imekuja na mfuko wake. Mahamri yaache yapoe kabisa kabla ya kuyafunika, la sivyo yatatoa jasho. Yafunge ndani ya kitambaa safi, si plastiki, kisha uyaweke kwenye kikapu cha ukili, ambacho kinapumua. Chai itie chupa ya chai, maziwa yakae mbali, sukari ndani ya kichupa chake. Vikombe vitano vya plastiki ngumu vyenye rangi mbalimbali, kila mtoto na rangi yake, ugomvi utapungua nusu. Beba pia kitambaa kimoja kibichi ndani ya mkebe mdogo, cha mikono na midomo. Na mfuko mmoja mtupu wa maganda, muutupe mkifika. Dirisha la basi si jaa.

Jumapili twapeleka wageni ufukweni. Kuna sheria juu ya vyombo vya plastiki? – Msomaji, Bamburi

Ipo. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya nzima tarehe 28 Agosti 2017. Tangu Juni 5, 2020, chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko na mirija ya kutumia mara moja haviruhusiwi kwenye mbuga, misitu na fuo zilizo chini ya hifadhi. Kuhusu madafu, kataa mrija. Kunywa kwa mdomo, kisha umwombe muuzaji alipasue na akuchongee kijiko kutoka ganda lake lenyewe. Wageni watakipiga picha hicho kuliko bahari.

Nitakuwa mwezini safarini, na nyumba ya wageni haina pa kutupa pedi. Naona haya kuuliza mtu. – Jina limehifadhiwa

Usione haya. Kuna njia mbili. Pedi za kufua: loweka kwa maji baridi kwanza, fua kwa sabuni, anika juani. Shida yake njiani ni kukausha, basi tenga mfuko usiopitisha maji kwa zilizotumika. Ama kikombe cha hedhi, ambacho hukaa ndani kwa muda usiozidi saa 12, huchemshwa kabla na baada ya siku zako, na kikitunzwa hudumu miaka kadhaa. Lakini nakusihi usikijaribu kwa mara ya kwanza safarini. Jizoeze nyumbani miezi miwili au mitatu, karibu na choo chako mwenyewe.

Naruka kwenda Dar kwa harusi. Dada yangu acheka kwamba nitaonekana mshamba nikiingia uwanja wa ndege na kikapu. – Bi harusi wa kando, Majengo

Tanzania nayo ilikataza mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo kikapu chako ndicho kilicho na adabu. Kwa safari ya nje ya nchi, vya majimaji mkononi visizidi mililita 100 kila chombo. Chukua sabuni ya kipande, mafuta ya nazi ndani ya kichupa kidogo, na mswaki wa mti ukiuzoea. Chupa ya maji ipite ukaguzi ikiwa tupu. Na dada yako mwambie sanduku lake jeusi litafanana na mengine arubaini pale kwenye mkanda wa mizigo. Wewe utakuwa ushapanda teksi.